Kumfunza mlezi wa kituo cha watoto wenye usonji na ulemavu wa akili, kuanzia siku ya kwanza

Semina ya siku moja ukumbini, yenye chai ya saa nne, fulana na cheti, haibadilishi namna mlezi atakavyomlisha mtoto kesho yake. Kazi hii hufunzwa pale inapofanyika: mezani, chooni, getini, kwenye mkeka wa michezo. Hufunzwa kwa vipande vidogo, mbele ya mtu anayeangalia na kusahihisha, na hudumu pale mlezi mwenyewe anapotunzwa. Mwongozo huu ni wa msimamizi wa kituo cha kutwa au kitengo chenye watoto kumi hadi thelathini hapa Dar es Salaam, asiye na fedha za kuita mtaalamu kila mwezi.

Kabla ya kuajiri

Usianze na sifa za mwombaji. Anza na orodha ya mambo ambayo mikono yake itafanya kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni: kumpokea mtoto getini, kumvua viatu, kumpeleka choo, kumlisha, kumtuliza, kumpa dawa ya mchana, kumkabidhi kwa mama au dereva wa bajaji. Orodha hiyo ndiyo itakayokuwa mtaala wako. Jambo ambalo halimo hapo halihitaji kufundishwa mwezi wa kwanza.

Mahojiano ya mezani peke yake hayatoshi. Mwache mwombaji akae na watoto kwa muda wa saa mbili huku wewe upo. Tazama mambo matatu tu. Je, anainama hadi usawa wa macho ya mtoto au anaongea akiwa juu? Mtoto asipojibu, anasubiri au anapaza sauti? Akiona mtoto amejichafua, uso wake unasema nini? Mengine yanafundishika, lakini mtu anayekunja uso kwa kinyaa na kumcheka mtoto mbele ya wenzake usimchukue, hata awe na cheti gani. Chukua barua ya serikali ya mtaa anakoishi na wadhamini wawili, kisha wapigie simu kweli. Wengi huziweka barua kwenye faili bila kumpigia mtu.

Walioko nje ya darasa nao wamo. Mlinzi, mpishi, dereva na dada wa usafi wanakutana na watoto kila siku, na mara nyingi mlinzi ndiye mtu wa mwisho kati ya mtoto na barabara. Kila mmoja apate angalau nusu siku ya mafunzo yanayohusu kazi yake.

Siku kumi za mwanzo

Mlipe tangu siku ya kwanza, na nauli umpe. Anayetoka Chanika kwa daladala mbili hadi Sinza hawezi kujifunza akiwa anawaza atarudije.

Siku ya kwanza hamgusi mtoto yeyote. Anajifunza majina, milango, sanduku la huduma ya kwanza, namba za simu zilizobandikwa ukutani, na mtaro ulio nje ya geti. Mchana mpe kurasa za maelezo ya watoto wanne tu (kila mtoto ana wake, tutaueleza chini). Ukimpa za wote ishirini hatakumbuka hata mmoja.

Siku ya pili na ya tatu anakuwa kivuli cha mlezi mzoefu mmoja, akiwa na daftari. Kila saa mpe swali moja la kutafuta: huyu anaombaje maji? Yule anaonyeshaje kwamba amechoka? Mlezi mpya asiyepewa swali hukaa pembeni na simu, na kosa ni la msimamizi.

Siku ya nne hadi ya sita anafanya mwenyewe kazi nyepesi, mzoefu akiwa pembeni: kunawa mikono, chai, michezo. Siku ya saba ndipo anaingia kwenye kazi za kumpeleka mtoto choo na kumwogesha. Tumeichelewesha makusudi, kwa sababu mwili wa mtoto ni wake, na haifai mgeni wa jana kumvua nguo. Siku ya nane na ya tisa ni za kifafa, hasira na zoezi la geti, ambayo tutayaeleza chini. Siku ya kumi unamtazama akifanya kazi sita ulizozichagua kwenye orodha yako, moja baada ya nyingine. Asiyefaulu moja anairudia wiki inayofuata bila kuaibishwa, na mpaka afaulu haifanyi akiwa peke yake.

Ukurasa mmoja kwa kila mtoto

Faili nene la hospitali halisomwi na mlezi mwenye watoto wanne mkononi. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, pamoja na mzazi. Uwe na anachopenda, kinachomtisha, anavyoomba kitu, anavyoonyesha maumivu, chakula na namna ya kukila, dawa na saa zake, kifafa kama anacho, na nani anaruhusiwa kumchukua. Sehemu ya maumivu ndiyo huachwa wazi mara nyingi, nayo ndiyo inayookoa. Mtoto asiyeongea anayeanza ghafla kujipiga kichwa anaweza kuwa na jino bovu, sikio linalouma au choo kigumu cha siku tano. Mlezi akishazoea kusema "ndivyo alivyo, ana usonji", ugonjwa unafichama nyuma ya jina hilo. Kwa hiyo kanuni ni moja: tabia mpya ikitokea ghafla, kwanza mtazame mwilini, kuanzia meno, masikio, tumbo, ngozi hadi joto la mwili, halafu mpigie mzazi simu, na mkishindwa kupata sababu aende kwa daktari.

Ukurasa urekebishwe kila baada ya miezi mitatu. Ule wa mwaka juzi unadanganya.

Namna ya kufundisha kazi moja

Hatua ni nne: eleza, onyesha, mwache ajaribu, sahihisha papo hapo. Vituo vingi huishia kwenye ya kwanza. Tuchukue kumlisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekabwa kirahisi, kwa sababu hapa makosa huwa ya hatari.

Eleza kwa dakika tano, pamoja na sababu. Kichwa kikiinamia nyuma, njia ya hewa inabaki wazi na chakula kinaweza kushukia kwenye mapafu. Maji na chai hukimbia kooni haraka kuliko uji mzito, kwa hiyo mtoto huyo anaweza kumudu uji na akapaliwa na maji.

Kisha onyesha bila kuharakisha. Mtoto anakaa wima, makalio yamefika nyuma kabisa ya kiti, miguu imekanyaga kitu. Ikining'inia, weka kigoda au tofali lililofungwa kitambaa. Kichwa kiko katikati, kidevu kimeinama kidogo. Mlezi anakaa mbele yake, macho kwa macho, wala hasimami. Nusu kijiko tu, kikitoka chini kuja juu. Anasubiri hadi aone koo limepanda na kushuka, ndipo kijiko cha pili. Akikohoa, anaacha hadi pumzi itulie. Baada ya kula anabaki wima dakika thelathini, halazwi.

Kabla hajamgusa mtoto, wafanyakazi walishane wenyewe uji wa baridi, wawili wawili. Mara ya kwanza mmoja asimame na kulisha haraka bila kusema kijiko kinakuja lini. Mara ya pili akae, aseme, asubiri. Zoezi hilo la dakika kumi hufundisha kuliko maneno ya saa nzima, kwani mtu amehisi kwenye koo lake mwenyewe.

Anapojaribu kwa mtoto, sahihisha jambo moja kwa wakati, kwa sauti ya chini: "dada, kaa kwanza." Lile alilofanya vizuri nalo litaje kwa jina lake. "Umesubiri ameze" ina maana kuliko "safi sana". Kosa la kawaida utakaloliona ni haraka, na chanzo chake mara nyingi ni ratiba: umempa mlezi mmoja watoto watatu wa kulisha ndani ya nusu saa. Hapo badilisha ratiba, acha kumgombeza mtu.

Dalili za kumpeleka mtoto hospitali zibandikwe jikoni: sauti ya majimaji baada ya kumeza, macho kutoa machozi akila, kukohoa kila mlo, kupungua uzito, homa ya kifua inayorudi rudi.

Kazi nyingine zigawe vivyo hivyo. Kunawa mikono kuna hatua saba au nane; mtoto asaidiwe zote, aachiwe ya mwisho aifanye mwenyewe, kisha ya mwisho na ya kabla yake, mkirudi nyuma hivyo. Akimaliza mwenyewe kila mara, anaonja ushindi kila mara. Mlezi asiyejua hili hufanya kila kitu kwa niaba ya mtoto kwa huruma, na miaka inapita mtoto hajui kufungua bomba.

Mawasiliano

Fundisha mambo matatu na uyadai kila siku. Kwanza, maneno machache: "Juma, kiatu" inafika kuliko "haya Juma baba njoo uvae kiatu chako tunachelewa". Pili, baada ya kusema, hesabu kimya hadi kumi. Watoto wengi wanahitaji muda huo kulipokea neno. Ukirudia sekunde ya tatu, unawaanzisha upya. Tatu, kitu cha kuonyesha kiambatane na neno: kikombe kwa kunywa, taulo kwa kuoga, kiatu kwa kutoka, kisha picha zifuate. Picha za simu zilizochapishwa na kufunikwa kwa plastiki zinatosha. Zipigwe za vitu vya kituo chenu, kwani choo cha kuchora cha kwenye mtandao hakifanani na chenu. Ubao wa "kwanza – kisha" wenye picha mbili uwe karibu na kila mlezi.

Lugha ya wafanyakazi nayo ni sehemu ya mafunzo. Zezeta, taahira na chizi hazitamkwi kituoni, hata kwa utani, hata na mlinzi. Vivyo hivyo "kapandisha", ambalo linamrudisha mtoto kwenye mashetani na majini. Wapo watakaoajiriwa wakiamini usonji ni laana au kurogwa. Usiwadhihaki, waulize wanaamini nini, waeleze kwamba ni namna ubongo ulivyokua tangu mapema, na kwamba chochote waaminicho moyoni, mzazi asiambiwe getini kwamba mtoto wake ana pepo.

Mtoto anapolipuka

Kila tabia ngumu inamfanyia mtoto kazi fulani: kupata mtu, kupata kitu, kukwepa jambo, au kuupa mwili hisia unayoitafuta. Mlezi hahitaji nadharia ndefu zaidi ya hiyo. Anahitaji daftari lenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata, pamoja na saa na mahali.

Hapa ndipo uandishi unapofundishwa. "Leo alikuwa mkorofi, anadeka" haisemi kitu. "Saa 5:10, jikoni wamewasha blenda, aling'ata mkono mara tatu, tulimtoa nje, alitulia baada ya dakika sita" inasema karibu kila kitu. Baada ya wiki mbili soma daftari pamoja na wafanyakazi. Iwapo saa tano inajirudia, sogezeni juisi hadi watoto wakiwa uwanjani, au mtoeni dakika tano kabla. Sababu za mji huu zinafahamika: joto la Februari umeme ukikatika na feni kusimama, spika ya matangazo inayopita mtaani, honi, mvua ya masika inayochelewesha kurudi nyumbani na kuvuruga ratiba.

Wakati wa mlipuko wenyewe, zoezi liwe hivi. Mtu mmoja tu anaongea. Wengine wanawatoa watoto wengine. Anayeongea anasimama kwa ubavu, umbali wa mkono na nusu, mikono ikionekana. Muziki unazimwa. Hamna "niangalie usoni". Hamna maswali. Ondoa vitu vya kumwumiza, kisha subiri. Akishatulia, mwili unaweza kuchukua nusu saa au zaidi kurudi kawaida, kwa hiyo asirudishwe mara moja kwenye kazi iliyomchochea. Wengi hukosea hapo na mlipuko wa pili unakuja mkubwa kuliko wa kwanza.

Kumshika ni kwa hatari ya papo hapo pekee, kama kukimbilia barabarani au kupigiza kichwa ukutani, na kwa muda mfupi kabisa. Halazwi kifudifudi. Hakuna uzito juu ya kifua, mgongo au shingo. Mtoto anaweza kukosa pumzi ndani ya dakika chache. Kumfunga kwa kanga kwenye kiti ili "atulie" ni ukatili, na mkanda wa kiti maalum uliopendekezwa na mtaalamu kwa ajili ya mkao ni kitu kingine kabisa. Waeleze wafanyakazi tofauti hiyo. Kuchapa hakuna. Kila kushikwa kunaandikwa na mzazi anaambiwa siku hiyo hiyo.

Kifafa na dawa

Kifafa huwapata watu wenye usonji na ulemavu wa akili mara nyingi kuliko wengine, kwa hiyo kila mfanyakazi afanye zoezi akiwa na mwenzake sakafuni. Tazama saa. Ondoa vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni. Degedege likipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimpe maji. Mate yake hayaambukizi kifafa. Lisemeni hili waziwazi, kwa sababu bado wapo wanaokimbia. Likipita dakika tano, likirudi kabla hajazinduka, likiwa la kwanza maishani mwake, au akiumia, ni hospitali mara moja. Jueni mapema ni hospitali gani na usafiri wa nani. Kuanza kutafuta bajaji mtoto akiwa tayari anadegedeka ni kuchelewa.

Dawa hutolewa na watu wawili: mmoja anatoa, mwingine anasoma jina, kipimo na saa, wote wanatia saini. Dawa ya kifafa ikiisha nyumbani, mzazi asipitishe siku. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Geti, na ulinzi wa mtoto

Mara moja kwa mwezi fanyeni zoezi la mtoto aliyetoka. Kila mtu ana upande wake, na wa kwanza wanaenda kwenye maji na barabara: mtaro, kisima, mto, pwani, kituo cha daladala. Watoto wengi wenye usonji huvutwa na maji. Mmoja anabaki na watoto, mmoja anapiga simu. Kwa idhini ya mzazi, vijana wa kijiwe cha bodaboda wamjue mtoto anayependa kutoroka; hao humwona kabla yenu.

Watoto wasioongea hudhulumiwa kirahisi kwa kuwa hawawezi kusema. Kubadilisha nguo kufanyike mlango ukiwa nusu wazi na mtu wa pili akisikia. Kila mfanyakazi ajue kwamba akishuku jambo haulizwi ushahidi: anaripoti kwa msimamizi, na kama msimamizi ndiye anayeshukiwa, kwa afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu ya bure ya watoto, 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 wasomewe vipengele vinavyowahusu, kwa lugha ya kawaida. Picha za watoto haziendi kwenye status ya mfanyakazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu taarifa za watoto pia.

Nani afundishe

Mlezi mzoefu wa kituo chenu afundishe mengi, na alipwe kwa hilo. Mwalimu aliyesoma elimu maalum, kwa mfano aliyepitia chuo cha Patandi mkoani Arusha, au mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaweza kuitwa mara moja kwa muhula, aje aone watoto na walezi kazini badala ya kuhutubia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mafunzo ya wazi kwa walezi wa watoto wenye changamoto za ukuaji, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani. Yalitengenezwa kwa ajili ya familia, ila msimamizi atapata humo mazoezi mengi ya kucheza na kuwasiliana.

Mwalimu mwingine husahaulika. England, sheria ya afya na huduma ya 2022 inawataka watoa huduma wawape wafanyakazi mafunzo ya usonji na ulemavu wa akili yanayolingana na kazi zao. Mafunzo yaliyopewa jina la Oliver McGowan, kijana aliyefariki 2016 akiwa na miaka 18, hufundishwa pamoja na watu wenye hali hizo wenyewe. Hapa kwetu mwiteni kijana mwenye usonji anayeweza kueleza kelele zinamfanyaje, au mama aliyelea miaka kumi na tano. Mlipeni kama mnavyomlipa mtoa mada mwingine.

Kumtunza anayetunza

Mlezi aliyeng'atwa asubuhi, akasafisha kinyesi mara nne na kusubiri mshahara uliochelewa, hatahesabu hadi kumi. Mambo yafuatayo ni ya lazima, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kila asubuhi, dakika kumi na tano za makabidhiano kabla geti halijafunguliwa: nani hakulala, nani kabadilishiwa dawa, nani haji. Kila mlezi apate dakika ishirini mbali na watoto katikati ya siku, mtu mwingine akishika nafasi yake kwa jina. Mapumziko yasiyo na mshika nafasi huwa hayapo. Ramadhani ikifika, kazi nzito za kunyanyua zisogezwe asubuhi kwa wanaofunga.

Mara moja kwa mwezi, kaa na kila mlezi peke yake dakika arobaini na tano. Maswali manne yanatosha: mtoto gani anakupa shida, nini kimeenda vizuri, nini kinakuchosha, nikufundishe nini mwezi ujao. Andika ahadi yako moja na uitimize kabla ya kikao kijacho. Kikao kikigeuka kuwa cha makosa na barua za onyo, wataacha kukuambia ukweli, na wewe utaujua kutoka kwa mzazi.

Baada ya tukio baya, kwanza mfanyakazi anawe, atibiwe, anywe maji, aulizwe kama anaweza kuendelea. Maswali ya "ilikuwaje" yasubiri hadi jioni au kesho, na yaanze na kilichotangulia. Aliyeumwa na mtoto siku hiyo asirudishwe kwake peke yake asubuhi inayofuata. Mwekeeni mwenzake, na baada ya siku mbili tatu mwulizeni yeye mwenyewe kama yuko tayari.